Tusilionee Haya Gari Kuukuu Safarini

Kila ifikapo mwezi wa Desemba, katika chumba cha mapumziko cha idara yetu huzuka mjadala ambao haumo katika mtaala wowote. Ni nani atakayesafiri kwenda kwao kwa gari lake mwenyewe, na ni nani atakayekodi? Wanaoulizana swali hili si matajiri. Ni wahadhiri na walimu ambao magari yao yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumiwa na watu wengine huko Japani, yakasajiliwa hapa yakiwa na miaka saba hivi, na sasa baadhi yao yamepita robo karne. Mjini magari hayo huwafikisha kazini na kuwarudisha bila lawama. Lakini ikitajwa safari ya Bungoma, Lodwar au Lamu, wenyewe huanza kuyatazama kwa jicho la shaka, kama mtu amtazamavyo babu aliyetangaza kuwa anakwenda kupanda mlima.

Nitatoa maoni yangu tangu mwanzo ili msomaji asipoteze wakati akiyatafuta. Mwalimu aliye na gari kuukuu analolijua vyema, na aliye tayari kulitengeneza mwezi mmoja kabla ya safari, hana haja ya kukodi gari la mtu kwa ajili ya likizo ndefu ya nyumbani. Akodi iwapo safari yenyewe ni ya siku mbili tatu, mathalani mazishi au harusi. Akodi pia iwapo gari lake limeshindwa katika mambo nitakayoyataja hapa chini. Na ikiwa hana pesa za kukodi gari lililo zuri kwa hakika, basi apande basi. Hakuna aibu katika kupanda basi.

Nimelitaja neno aibu kwa makusudi. Wenzangu wengi wanaokodi hawakodi kwa sababu ya usalama, hata kama ndivyo wasemavyo. Wanakodi kwa sababu ya macho ya watu wa nyumbani. Mwalimu aliyetoka Nairobi anaogopa kuonekana akishuka kutoka katika kigari chenye rangi iliyopauka, ilhali mwanafunzi wake wa zamani amefika na gari kubwa lenye vioo vyeusi. Basi huenda kwenye chama chake cha akiba na mikopo, akachukua mkopo, akakodi gari la fahari la siku kumi, kisha akaulipa mkopo huo hadi mwezi wa Juni. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, walisema wahenga. Isitoshe, watu wa nyumbani si wajinga. Wanalitambua gari la kukodi tangu linapopinda kona, kwa kuwa dereva wake huogopa kila jiwe.

Wazee wetu waliofundisha katika miaka ya 1970 na 1980 hawakuwa na haya hizi. Wengi wao waliota kumiliki Peugeot 504, gari lililokuwa likiunganishwa Mombasa na ambalo ndugu zake wa mbio walishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978. Sifa kuu ya gari lile haikuwa mbio. Ni kwamba kila fundi, kuanzia Voi hadi Malaba, alilijua tumboni mwake. Likikwama sokoni kwa watu usiowajua, mtu alitokea na spana mbili na kipande cha waya, nawe ukaendelea na safari. Leo sifa hiyo imehamia kwa magari madogo ya Kijapani ya miaka ya 1990. Anayelidharau gari la namna hiyo kwa uzee wake anasahau kwamba gari jipya lililojaa mitambo ya kompyuta, likizimika mbali na mji, laweza kumngoja mtaalamu kwa siku mbili.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwani kazi yangu ni isimu na jicho langu haliachi kutazama maneno. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alinieleza kuwa babake “amekodisha gari la kwendea Kitale”. Nikamuuliza: amelichukua au amelitoa? Kukodi ni kuchukua kwa malipo. Kukodisha, kwa nguvu ya kile kiambishi cha kusababisha, ni kumfanya mwingine akodi. Anayekodi hutoa pesa na anayekodisha huzipokea. Kosa hili limeenea mno, hata katika mabango ya barabarani, na si kosa dogo pindi mkataba unapokuwa mezani na mtu hajui ni nani mwenye wajibu gani.

La pili ndilo linalonikera zaidi. Tunasema “gari limeharibika”. Kiambishi kile cha -ik- huficha mtenda. Hakuna aliyeharibu, gari limejiendea lenyewe likafika katika hali ya ubovu, kama tunda lililoiva. Sarufi inaruhusu, nami siipingi sarufi. Lakini katika miaka yangu ya kumiliki gari kuukuu, mara nyingi nilizosema kuwa limeharibika, mtenda alikuwapo, na alikuwa mimi.

Nitatoa ushahidi. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimrudisha mama nyumbani Bungoma baada ya kukaa nami Nairobi kwa majuma matatu akitibiwa kifua. Gari langu ni dogo, la Kijapani, liliundwa mwaka wa 1997. Kwa muda wa miezi miwili lilikuwa likipunguza maji ya rejeta, nami kila asubuhi nililiongezea maji ya mfereji, nikaona nimetimiza wajibu. Fundi wangu alikuwa ameniambia, “Mwalimu, kifuniko hiki kimekufa mpira, nunua kingine.” Nikamwambia nitanunua mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, nikanunua vitabu.

Tulivuka Nakuru salama, tukaanza kupanda. Barabara ile hupanda kwa mita zipatazo 900 kabla ya kufika Timboroa, na malori huenda mbele yako kwa mwendo wa kobe. Karibu na Timboroa mshale wa joto ulipanda hadi mwisho na mvuke ukafunika kioo. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na wanaopajua mahali pale wanajua baridi yake. Mama alikaa ndani ya gari saa mbili na nusu, amejifunga leso mbili na koti langu, akikohoa. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mwanangu, hilo gari lilikuwa linakuomba kitu.” Nilipata kifuniko kingine kutoka kwa dereva wa lori aliyekuwa na kisanduku cha vikorokoro, na tukafika Bungoma usiku wa manane. Mama alilazwa hospitali siku ya pili.

Sababu ya yote hayo ni jambo ambalo walimu wa fizikia wanaosoma safu hii hulifundisha kila mwaka. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pwani. Kadiri unavyopanda, hewa inavyopungua shinikizo, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Katika mita 2,700 na zaidi za Timboroa, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na injini nyingi hufanya kazi katika joto lililo karibu na hapo. Kinachozuia maji yasichemke ni kile kifuniko cha rejeta, ambacho hubana shinikizo ndani na kukipandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 au zaidi. Kifuniko kikishindwa kubana, gari ambalo Nairobi halina tatizo hata la dakika moja litachemka mlimani. Gari langu halikuzeeka ghafla pale Timboroa. Mimi ndimi niliyelipeleka pale bila kifuniko.

Ndiyo maana nasema kwamba umri wa gari si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kama mwenyewe anajua lilivyo. Kwa safari ndefu, mambo matatu hayana mjadala: upoaji wa injini, breki na magurudumu. La kwanza nimelieleza. Nitaongeza tu kwamba wapo mafundi wanaoing'oa thamostati wakidai kuwa nchi yetu ni ya joto na haiihitaji. Asiyeamini kwamba nchi yetu ina baridi aende Timboroa jioni akiwa na mama mgonjwa.

Breki hushughulisha watu wachache kuliko inavyostahili, maana hukaguliwa kwa unene wa pedi tu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yaliyokwisha kunyonya unyevu yaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Sasa mtu arudi kutoka magharibi, ashuke mteremko mrefu wa kuelekea Salgaa akiwa amekanyaga breki mfululizo, na gari limejaa watoto na magunia ya mahindi. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu hufika sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo. Kazi ya kuyabadilisha haifiki nusu siku.

Magurudumu nayo yana maandishi, na sisi tunaojiita watu wa kusoma hatuyasomi. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka wa 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa na meno marefu, na tairi lililopita miaka kumi halifai kubeba mtu, seuze safari ya kilomita 400 katika jua la mchana.

Anayeona kuwa gari lake limeshindwa katika moja ya mambo haya, na hana uwezo wa kulirekebisha kabla ya safari, aliache nyumbani. Hapo sina ubishi naye.

Tuje kwa lile la kukodi. Baada ya mkasa wa Timboroa nami niliapa kuwa sitarudia, na Desemba iliyofuata nilikodi. Gari lilikuwa linang'aa. Kibanda cha walioninikodisha sitakitaja. Niliposimama Naivasha kunywa chai ndipo nilipoinama nikasoma tarakimu: magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa na umri wa miaka tisa, na mahali pa jeki palikuwa tupu. Gari lile liliendeshwa na watu nisiowajua, kwa namna nisiyoijua, na historia yake haikuandikwa popote. La kwangu, pamoja na uzee wake, nalijua kila sauti. Mgeni humjui kwa shati lake.

Halafu tupige hesabu. Tuseme gari lakodiwa kwa shilingi 5,000 kwa siku, na likizo ni ya siku kumi. Hizo ni shilingi 50,000 kabla ya petroli. Katika siku hizo kumi, gari litakwenda siku ya kwanza na kurudi siku ya mwisho. Siku nane litakaa chini ya mwembe likitotewa na kuku. Mwalimu amelipa shilingi 40,000 kwa ajili ya kivuli. Pesa hizo zingenunua mafuta ya breki, mipira mipya ya maji, kifuniko, mkanda na magurudumu kadhaa, na vyote hivyo vingebaki katika gari lake mwezi wa Januari na baadaye. Lakini yule anayekwenda Ijumaa kuzika na kurudi Jumapili hesabu yake ni tofauti kabisa, nami simwombi alale gereji kwa ajili ya siku tatu.

Jambo moja zaidi kuhusu kukodi, nalo ni zito. Sheria yetu, Sura ya 405, inamtaka kila mwenye gari barabarani awe na bima ya kuwafidia watu wengine atakaowadhuru. Lakini hati ya bima hutaja pia matumizi ya gari. Wengi wanaotukodisha magari katika Desemba ni jirani au rafiki wa rafiki, ambaye gari lake limekatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi. Ajali ikitokea, kampuni ya bima itauliza gari lilikuwa likifanya nini, na jibu la kweli laweza kuwa sababu ya kukataa kulilipia gari lenyewe. Mwalimu atajikuta anadaiwa gari zima. Asiyeonyeshwa hati ya bima iliyoandikwa kuwa gari ni la kukodishwa asitie saini, hata kama mwenye gari ni shemeji yake. Na mkataba ukiweka kikomo cha kilomita kwa siku, aujue kabla hajaondoka, maana kutoka Nairobi hadi Bungoma ni yapata kilomita 400 na vikomo vingi havifiki hapo.

Mwaka huu nakwenda na langu. Liko gereji tangu Jumatatu, na fundi amenipigia orodha ya vitu saba. Vitano nimevilipia, viwili ni vya urembo na vitangoja. Mama amepiga simu mara mbili juma hili. Mara zote mbili hakuuliza habari za wajukuu kwanza. Aliuliza kama kifuniko kimenunuliwa.