Fomu Ikisema 'Imepokelewa', Usishangilie Bado

TANGU serikali izindue zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen mnamo Juni 30, 2023, maisha ya kijana Mkenya yamezidi kuhamia kwenye fomu za mtandaoni. Pasipoti, cheti cha tabia njema, leseni ya udereva, mkopo wa chuo, basari: zote unabonyeza, unajaza, unatuma.

Mambo yakienda mrama, lawama huwa ni mbili tu. Ama wewe umejaza vibaya, ama 'system iko chini'. Kuna mkosaji wa tatu ambaye hatajwi kamwe, naye hukaa katikati, kati ya kivinjari chako na seva.

Ukijaza fomu, kivinjari hutumia lugha ya JavaScript. Seva nyingi za benki na mashirika makubwa huendeshwa kwa Java. Majina yanafanana, lakini hizi ni lugha mbili tofauti kabisa. Ili zielewane, kivinjari hufunganya majibu yako yawe maandishi ya JSON, kisha seva inafungua mzigo na kupanga kila kitu mahali pake. Kazi hiyo ndiyo watu wa kompyuta huiita serialaizesheni. Mzigo ukifungwa hivi na kufunguliwa vile, kuna kitu kitapotea njiani.

Hitilafu za aina hii ni mbili: zenye kelele na zilizo kimya. Za kelele zinaudhi, lakini heri hizo. Seva ikirudisha 400, inasema haikuelewa ilichotumiwa. Ikirudisha 415, lebo ya mzigo hailingani na inachokubali, kwa mfano ilitarajia JSON ikaletewa kitu kingine. Ikiwa ni 500, seva yenyewe imekwama ndani. Angalau hapo kila mtu anajua kuna shida.

Za kimya ndizo noma.

Chukua mfano wa fomu ya basari inayouliza una ndugu wangapi shuleni. Aliyetengeneza ukurasa ameita sehemu hiyo idadi_ya_ndugu. Aliyetengeneza seva ameiita idadiYaNdugu. Jackson, maktaba inayotumika sana kufungua JSON kwenye Java, katika matoleo yake ya awali kwa kawaida ilikataa jina isilolijua. Lakini Spring Boot, mfumo ambao wasanidi wengi hujengea kazi zao, huzima ukali huo. Basi jina geni linarukwa bila neno. Na kama seva imetenga nafasi ya nambari ya aina ya int, nafasi hiyo inabaki 0.

Wewe umeandika ndugu wanne. Skrini inasema 'imepokelewa'. Kwenye hifadhidata, huna ndugu hata mmoja anayelipiwa karo. Kamati ikigawa pesa kwa kuangalia mzigo wa familia, umeshaachwa nje, na hakuna aliyekudhulumu kwa kusudi.

Tarehe nazo zina vituko vyake. Umezaliwa Mei 12, 2004. Kivinjari kikichukua tarehe hiyo kama saa sita usiku ya Nairobi, halafu kikaifunga kwa JSON, kinaigeuza kuwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kinachotumwa ni Mei 11, saa tatu usiku. Seva ikichukua tarehe pekee na kutupa saa, rekodi yako inasema Mei 11. Kesho yake mfumo mwingine unalinganisha na kitambulisho na kukuambia maelezo yako hayalingani. Utarudi saiba mara ngapi?

Si sisi tu. Twitter ilikutana na jambo la aina hii mwaka wa 2010 ilipobadilisha nambari za utambulisho za jumbe zake. Java hubeba nambari nzima za biti 64 bila wasiwasi. JavaScript, kwa nambari zake za kawaida, hupoteza uhakika ikishapita 9,007,199,254,740,992. Mpe nambari inayoishia na 993, naye atasoma 992, wala hatalalamika. Dawa ya Twitter ilikuwa rahisi: kutuma nambari hiyo pia kama maandishi.

Kwa kijana anayeunda mifumo hii, funzo ni hili: usianze kwa kubahatisha kwenye msimbo. Bonyeza F12 kwenye kivinjari, uone kilichotumwa hasa, si kile unachodhani kilitumwa. Tuma mzigo uleule moja kwa moja kwa seva kupitia curl, ujue kosa liko upande gani. Soma logi ya seva hadi chini, maana chanzo halisi mara nyingi hujificha kwenye mistari ya mwisho. Washa ule ukali wa Jackson, jina geni likataliwe waziwazi. Nambari ya simu na ya kitambulisho zitume kama maandishi, la sivyo sifuri ya mbele itapotea. Tarehe ya kuzaliwa itume kama tarehe tupu, bila saa.

Mwisho, jaribu safari nzima: tuma, isome tena kutoka kwa hifadhidata, linganisha. Jibu la 200 linathibitisha mzigo ulifika. Halithibitishi ulifika mzima.

Na kwa wewe unayejaza, omba kuona rekodi yako baada ya kutuma, kisha uhifadhi picha ya skrini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona habari zako na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Lakini haki hiyo haina meno iwapo mfumo haukuonyeshi ulichohifadhiwa. Kila fomu ya umma inayoamua karo, kazi au mkopo inafaa kumrudishia mwombaji rekodi kama ilivyo kwenye hifadhidata, kabla ya mtu yeyote kuitumia kumhukumu.

Sehemu hiyo moja haigharimu mabilioni. Ni ukurasa mmoja tu wenye swali: je, hivi ndivyo ulivyosema?