Kijiko cha chai hakifai kupimia nikotini

Msomaji, kama wewe ni miongoni mwa wale walioacha sigara za kawaida na kuanza kuvuta za kielektroniki, huenda umeshawishika kujitengenezea majimaji yake nyumbani. Sababu yajulikana: ni bei. Ukinunua glisarini, propilini glikoli, ladha na nikotini kali kwa wingi, utapata chupa nyingi kwa gharama ya chache za dukani. Vifaa navyo vyaonekana rahisi. Bomba la sindano, chupa tupu na kijiko.

Kwa maoni yangu, hicho kijiko ndicho hatari yenyewe.

Hebu tupige hesabu. Nikotini wanayouziwa wachanganyaji aghalabu huwa na miligramu 100 katika kila mililita. Tuseme unataka chupa ya mililita 30 yenye miligramu 3 kwa kila mililita. Unahitaji miligramu 90 pekee, yaani mililita 0.9 ya nikotini hiyo. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Ukitia kimoja tu, umeweka miligramu 500, zaidi ya mara tano ya ulichokusudia. Mvutaji ataanza kuhisi kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, kisha atasingizia malaria.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hupima kwa uzani. Glisarini ni nzito, hung'ang'ania ndani ya bomba la sindano, na mapovu ya hewa huyadanganya macho. Lakini si kila mizani inafaa. Ile ya kupimia sukari haina habari na nusu gramu. Tafuta inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kama ya sonara. Vaa glavu za nitrili, kwani nikotini hupenya ngozini. Na vyombo ulivyotumia visirudi jikoni kamwe, hata vikioshwa mara kumi.

Hata hivyo, si mvutaji ninayemhofia zaidi. Sote tumesikia visa vya watoto waliokunywa mafuta ya taa kwa sababu yalitiwa katika chupa ya soda. Je, majimaji yanayonukia embe yatamvutia mtoto kiasi gani? Mnamo Desemba 2014, mtoto wa mwaka mmoja alifariki huko Fort Plain, jimbo la New York, baada ya kumeza nikotini ya majimaji. Januari 2016 Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha vifuniko visivyofunguka kwa urahisi mikononi mwa watoto. Wewe unayemimina katika chupa kuukuu ya dawa ya kikohozi, nani anakukagua?

Isitoshe, kuna mambo ambayo hata mizani bora haiwezi kukuambia. Ladha iliyo salama tumboni si lazima iwe salama mapafuni. Mnamo 2000 iligunduliwa kwamba wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, walikuwa na ugonjwa mbaya wa mapafu. Walikuwa wamevuta mvuke wa ladha ya siagi yenye dayasetili. Ladha za mafuta za kupikia nazo hazifai kabisa, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia.

Basi kama huna mizani hiyo, glavu, na sanduku lenye kufuli, usilete nikotini kali nyumbani mwako. Nunua iliyokwisha kuchanganywa, au bora zaidi acha kuvuta kabisa. Ukiwa nayo tayari, andika kwenye kila chupa ni nini na ina nguvu kiasi gani.

Mtoto akimeza, usimtapishe, wala usipoteze wakati ukitafuta maziwa. Ikimmwagikia, mvue nguo na umwoshe ngozi kwa maji mengi. Mkimbize hospitalini mara moja, na ubebe ile chupa ili daktari aisome.