Ukoma Haujatokomea

Neno "kutokomeza" limetokana na kitenzi "tokomea", yaani kupotea kabisa, kusionekane tena hata kivuli. Mwananchi anayelisikia redioni au kulisoma ukutani mwa zahanati hulielewa hivyo: ugonjwa uliotokomezwa haupo. Wataalamu wa afya, kwa upande wao, wamelibebesha neno hilo maana zisizolingana, na mgonjwa ndiye anayelipia tofauti hiyo.

Miongoni mwa maradhi ya binadamu, ni ndui pekee inayolistahili. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya asili, Ali Maow Maalin, aliugua mjini Merka, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Hata hivyo virusi vyake havijatoweka kama alivyotoweka ndege dodo wa Mauritius. Vingali vimehifadhiwa katika maabara mbili, moja Marekani na nyingine Urusi.

Ukoma ni habari nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la kuutokomeza "kama tatizo la afya ya jamii", maana yake wagonjwa walio katika matibabu wawe chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Tanzania ilifikia kiwango hicho mwaka 2006. Lakini nchi yenye watu milioni 60 inaweza kuwa na wagonjwa karibu 6,000 na bado ikahesabiwa kuwa imeutokomeza. Katika mabango na hotuba, yale maneno ya mwisho, "kama tatizo la afya ya jamii", huwa ya kwanza kuachwa. Linalobaki masikioni ni kwamba ukoma umekwisha.

Matokeo yake si ya kisarufi tu. Mtu mwenye baka lililopauka mgongoni hupewa dawa ya fangasi, kisha nyingine, kwa kuwa si yeye wala anayemhudumia anayewazia ugonjwa "uliotokomezwa". Vimelea vya ukoma havina haraka. Dalili huweza kuchukua miaka 5, hata 20, kujitokeza. Mishipa ya fahamu ikishaharibika na vidole vikakunjamana, dawa itaua vimelea, lakini haitavinyoosha vidole.

Lugha ina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Ugonjwa uliopungua useme umepungua, uliodhibitiwa, umedhibitiwa. Kutokomeza kuachiwe ndui. Wapo watakaodai kwamba maneno hayo ya kiasi hayavutii wafadhili, na huenda ni kweli, lakini bango la zahanati halisomwi na wafadhili.

Baka lolote lisiloeleweka lipimwe kwa ncha ya pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi mguso, apelekwe kupimwa ukoma siku hiyo hiyo. Dawa ni za bure, na humezwa kwa miezi 6 au 12.