Mlangilangi Bilaurini

Kariakoo, mitaa ya Kongo na Msimbazi, yauzwa mishumaa ndani ya bilauri, lebo zikiahidi kuondoa huzuni. Harufu yake? Mlangilangi! Ua tulilolijua kikubani na kitandani mwa bibi harusi, ambalo Nzuwani hulivukiza mafuta yaendayo kwa watengeneza manukato wa Ufaransa, ndilo turudishiwalo kama dawa ya kigeni. Tena aghalabu si ua hata chembe, ni kemikali katika nta itokanayo na petroli. Na anunuaye huona haya kuwasha chetezo mbele ya wageni. Eti udi ni mambo ya waganga, mshumaa ni utaalamu! Harufu hutuliza zaidi kwa kukumbusha. Aliyelelewa penye ubani na asumini, bilauri ile itamkumbusha nini?