Mchezo Uliovaa Nguo ya Kuazima

Kijana mmoja fundi seremala wa hapa Kinampanda, wilayani Iramba, alinijia jioni moja amebeba ubao begani. Baada ya kuamkiana aliulaza mezani, akauinua upande mmoja kwa tofali, akatoa gololi mfukoni. Ubao ulipigiliwa misumari kwa mpango, na baina ya msumari na msumari vilikazwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Vizibo vya soda vilikuwa vikombe vya kunasia gololi, na chini kabisa vilikuwapo vijiti viwili ambavyo mchezaji huvipiga kwa vidole ili gololi isimponyoke. Nilicheza mpaka giza likaingia. Ndipo aliponiuliza: "Mwalimu, sasa nimchore nani? Watu wote wananiambia nimchore Spider-Man, ama sivyo sitauza hata mmoja."

Hakuuliza achore nini. Aliuliza amchore nani. Katika tofauti ya maneno hayo mawili ndimo ulimo ugomvi wangu na hao "watu wote", na ndiyo sababu nawaandikia nyinyi wa visiwani, mnaojua thamani ya mchezo usiomilikiwa na mtu.

Wenye shauri hilo hudhani wamelitoa vichwani mwao. La, wanarudia shauri la Chicago. Huko ndiko ulikokulia mchezo uitwao pinboli: meza ya mteremko yenye kioo juu, gololi ya chuma ndani, na vipigio viwili mbele ya mchezaji. Kwa miaka mingi wabunifu wake walijitungia mada wenyewe: karata, mbio za farasi, sarakasi. Mwaka 1975 kampuni ya Bally ilitoa mashine iliyofungamana na filamu ya Tommy, na mwaka 1976 ikatoa nyingine yenye sura ya mwanamuziki Elton John. Mtindo huo ukakua hata ukawa ndiyo ada. Kwanza hununuliwa leseni ya filamu au ya bendi, kisha mbunifu huambiwa atafute mchezo wa kuingia humo. Mwenye jina hulipwa, hukagua michoro, na mkataba una siku yake ya kwisha. Mbunifu amekuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Najua nitakavyojibiwa. Nitatajiwa The Addams Family, mashine ya mwaka 1992, ambayo mauzo yake yalipita 20,000. Ni kweli, wala sitaificha. Lakini tazameni alichofanya mbunifu wake, Pat Lawlor. Hakubandika picha za familia ile ya ajabu juu ya mchezo wa kawaida. Alitengeneza mkono unaotoka sandukuni na kunyakua gololi, kabati la vitabu linalozunguka, na sumaku zilizofichwa chini ya ubao, zinazoipotosha gololi njia kana kwamba nyumba ina mashetani. Jina lilifungua mlango. Kazi ndiyo iliyomkalisha mgeni. Ni wangapi wamelinunua jina, na kazi wasiifanye?

Kisha tuutazame upande wa pili wa mizani. Mwaka 1997 Brian Eddy alibuni Medieval Madness, ngome ya mfalme inayobomoka kwa kupigwa gololi, mada ambayo haikukodiwa kwa mwenye filamu yeyote. Zilitengenezwa takribani 4,000 tu, na baada ya miaka miwili kampuni ile ikaachana kabisa na biashara ya pinboli. Hata hivyo mwaka 2015 mchezo ule ule ulitengenezwa upya, kwa kuwa wachezaji hawakuusahau, na hapakuwa na mwenye filamu wa kubembelezwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika lugha yetu wenyewe. Leslie Scott, Mwingereza aliyelelewa Afrika Mashariki na Magharibi na aliyekijua Kiswahili tangu utotoni, alizindua mjini London mwaka 1983 mchezo wa vipande vya mti vinavyopangwa mnara na kuchomolewa kimoja kimoja. Akauita Jenga. Wafanyabiashara walitaka jina hilo libadilishwe, akakataa. Leo linajulikana dunia nzima. Baadaye hata Jenga ilivalishwa sura ya Super Mario, lakini ile isiyo na sura ndiyo iliyotangulia, nayo ipo hadi leo. Nawauliza wenye shauri la Spider-Man: mwaka ule, ni wangapi katika wanunuzi wa London waliolijua neno "jenga"? Mchezo ndio uliolitangaza jina. Mgeni alichota kwetu kitenzi kinachotaja hasa mikono ya mchezaji inafanya nini. Nasi twende kwao kuomba uso usiosema lolote juu ya gololi yetu!

Na tusipovitumia vyetu, vitatumiwa. "Hakuna matata" ni maneno yetu mepesi ya kumpoza mgeni. Mwaka 1994 yaliingia katika filamu ya Disney, na mwaka 2003 kampuni hiyo ikayasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa fulana. Sisi tulikuja kupiga kelele mwaka 2018.

Nyinyi mna bao. Mashimo 32, kete 64, na kila upande una shimo liitwalo nyumba. Hakuna aliyechora nyumba pale, lakini mchezaji akivunjiwa, uso wake hubadilika kama wa mtu aliyefukuzwa kwake. Mada imo katika mwendo wa kete, wala haikuhitaji rangi. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Sisemi tusiazime. Mwalimu Nyerere alimwazima Shakespeare, na mwaka 1963 akatupa tafsiri ya Julius Caesar. Lakini alimlipa kwa jasho la kila mstari mpaka Mrumi akasema Kiswahili. Kuazima kwa namna hiyo ni kazi. Kubandika uso wa mtu ubaoni ni uvivu, tena ni kuchukua mali ya mwenzio. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 huku Bara, na ya Zanzibar ya mwaka 2003, zinamlinda mwenye mchoro. Wataniambia, nani atafika Kinampanda kudai? Pengine asifike mtu. Lakini ubao wa namna hiyo utaishi kwa kujificha. Hautathubutu kwenda kwenye maonyesho, hautasajiliwa kwa jina la fundi wake, na kadiri utakavyopendwa ndivyo utakavyozidi kuwa wa mwingine. Nguo ya kuazima haisitiri.

Basi nilimjibu kijana hivi. Yule wa Marekani kazi yake ni kupanda kuta. Gololi yako kazi yake ni kushuka. Tafuta kwanza kishukacho. Tunaishi juu ya nyanda za Iramba, na kutoka hapa si mbali na mlima Sekenke, ambako barabara ya zamani iliteremka kwa kona kali kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere, na madereva wa malori waliiogopa. Chora mteremko ule. Gololi iwe lori lililokatika breki. Misumari iwe kona, vizibo viwe makorongo, kizibo kimoja kilicho kigumu kufikiwa kiwe dhahabu ya Sekenke iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani, na vijiti vyako viwili viwe mawe ya kuzuia magurudumu. Mtoto akipoteza gololi atajua amepoteza nini.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, babu yangu alikuwa utingo. Alishuka Sekenke mara nyingi ameshika jiwe mkononi, tayari kuruka."

Ubao ungali mezani kwangu, haujapakwa rangi. Siku ya mnada atakuja kuuchukua, na wale "watu wote" watakuwapo na fedha zao mkononi. Nawaomba jambo moja tu: kabla hawajauliza amemchora nani, wacheze kwanza.