Mahram Tunaye, Ila Kashapanda Basi Peke Yake

Mabibi wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioolewa mbali kama sisi.

Tunaandika kutoka Katandala, Sumbawanga, ambako Juni na Julai baridi ya Ufipa inaingia mpaka mifupani na baibui peke yake halitoshi. Sisi ni wanawake tisa wa darsa moja la Jumamosi. Wanne tumezaliwa visiwani tukawafuata waume waliohamishiwa kazi huku, watano ni Wafipa wa hapahapa. Mwezi uliopita tumeanza mchezo wa pesa kwa nia moja, kwenda kuangalia fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 2027, zile ambazo CAF iliwapa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja mwezi Septemba 2023. Hatujamaliza hata mzunguko wa kwanza, tayari tumeshaambiwa tumepotoka. Mmoja kaambiwa na wifi yake, mwengine kaambiwa na mumewe mbele ya watoto, na watatu tumeletewa ujumbe kwamba mwanamke mwenye haya hafungi safari kufuata mpira.

Basi tunajibu, na tutaanza na yaliyotukuta mwaka 2025.

Agosti ile CHAN ilichezwa kwetu. Nyinyi wa Unguja mliipata Amaan, mlangoni. Taifa Stars wakafika robo fainali, wakapangiwa Morocco, tarehe 22 Agosti, uwanja wa Benjamin Mkapa. Wanaume wa mtaani kwetu, wakiwemo waume wa wenzetu wawili, wakaamua kwenda. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100: unaondoka alfajiri, unapita Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro, unafika usiku mkubwa na miguu imevimba. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa hesabu zetu za bei ya shambani, ni magunia mawili mpaka matatu ya mahindi. Bado hujala, hujalala, hujanunua tiketi ya uwanjani.

Magunia yaliuzwa. Mahindi hayo tuliyapalilia sisi, tukayavuna sisi, tukayapukuchua sisi. Kwa mwenzetu mmoja, ndani ya hesabu ya magunia yale ilikuwamo sare ya skuli ya mtoto. Stars walifungwa 1–0, wanaume wakarudi na mafua na jezi mpya, na mtoto yule akaanza muhula na sare ya dada yake iliyokunjwa pindo. Hakuna aliyewaita wale mabwana pembeni akawasomea habari ya israfu. Waliporudi walipokewa kwa chai na maandazi, nasi ndio tuliokaanga.

Kwa hiyo tukisikia leo kwamba kusafiri kwa ajili ya mpira ni israfu, tunauliza: tangu lini? Kama ni israfu, imeanza pale tiketi ilipoandikwa jina la mwanamke?

Tunakubali kwamba inaweza kuwa israfu kweli. Mwenye deni la watu asiende. Mwenye nia ya Hija asiguse pesa ya Hija. Hayo tumeyaandika kwenye daftari la mchezo wetu kabla hatujatoa shilingi, na mmoja wetu kajitoa mwenyewe kwa sababu ana deni dukani. Tunachotaka ni mizani iwe moja kwa mume na mke.

Sasa haya. Wanaotusema wanajua, au wanapaswa kujua, kwamba Mtume (s.a.w.) alimsitiri Bibi Aisha (r.a.) kwa shuka lake naye akawatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, mpaka alipotosheka mwenyewe. Hadithi imo katika Bukhari na imo katika Muslim. Hatusemi kwamba inahalalisha kila kinachotokea jukwaani. Matusi ya majukwaani tunayajua, yanafika mpaka kwenye redio. Tunasema mtazame nani aliyesimama pale na mkewe. Mume. Hakumwambia abaki ndani atamsimulia akirudi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mahram, ambalo ndilo neno wanalolitegemea zaidi. Hatulikimbii. Wapo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walioruhusu mwanamke aende Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, lakini wengi wao hawakuivusha ruhusa hiyo mpaka kwenye safari za matembezi, na sisi hatutaki kuinyoosha kwa nguvu ili itufae. Vizuri. Mahram tunaye. Tunalala naye nyumba moja, tunampikia. Tatizo ni kwamba siku ya safari ya mpira mahram anapanda basi peke yake, halafu anatuachia hukumu kwamba hatuwezi kusafiri bila mahram! Hoja hii ikifuatwa mpaka mwisho wake, inamtaka yeye akate siti mbili.

Wapo pia wanaosema mpira haukuwa wa wanawake wa Kizanzibari tangu asili. Hao wawaulize Women Fighters wa Unguja, waliocheza wakasemwa kila neno, mpaka ikatengenezwa filamu juu yao, Zanzibar Soccer Queens, mwaka 2007. Sisi wala hatuombi kucheza. Tunaomba kukaa na kuangalia. Hapa Sumbawanga penyewe, tarehe 22 Oktoba 2020, Tanzania Prisons waliwafunga Simba 1–0 kwenye uwanja wa Nelson Mandela, humuhumu mjini. Nusu yetu tulikuwa Katandala siku ile. Bao tulilijua kwa kelele, tukiwa jikoni.

Kuna jambo moja ambalo kila mwanamke wa huku anapaswa kulijua kabla hajapanga. Fainali za 2027 ni Juni na Julai. Ufipa, huo ndio msimu wa kuvuna. Mahindi yanakuwa bado shambani au ndio yanaingia uani, na hela nzuri, ile ya NFRA, huja baadaye. Anayesubiri mavuno ya 2027 ndio alipie safari, atasafiri na mkopo. Safari hii inalipwa na mahindi ya 2026, yakiwekwa kando mapema, kabla hayajapata kazi nyengine. Na tunajua mapema tutakaloambiwa Juni ikifika: nyinyi bakini mvune, sisi twende tukaitie nguvu timu ya taifa. Tumeshakubaliana. Anayebaki kuvuna atachaguliwa kwa zamu, na zamu haitazami nani mume nani mke.

Njiani, swala tutazipunguza na kuziunganisha kama sheria ilivyoturuhusu, maana konda ukimwomba dakika kumi anakupa tano. Kubwa zaidi kwetu ni kuchimba dawa. Basi linasimama kando ya barabara, wanaume wanageukia porini na kumaliza, sisi tunatafuta kichaka na stara palipo peupe, dereva anapiga honi. Wenzetu huacha kunywa maji tangu Sumbawanga kwa kuogopa hilo. Mwenye basi atakayetuhakikishia vituo vyenye vyoo, kwake ndiko tutakakokata tiketi, na tuko tayari kuongeza kidogo.

Na kwa wanaoandaa viwanja tuna maombi mawili, tunayasema sasa ili isije ikaambiwa hatukusema. Wanawake wawekewe vyoo vya kutosha, vyenye maji. Na pawepo pahala pa kuswalia wanawake, pasafi, patakapokuwa wazi hata mechi inapokutana na Magharibi. Nyinyi mnaokaa karibu na Amaan mna nafasi ya kwenda ofisini mkaulize ana kwa ana. Sisi tupo mbali, tusaidieni.

Mchezo wetu unaendelea kila Jumamosi baada ya darsa. Jumamosi iliyopita mume wa mwenzetu, yule yule wa Agosti 2025, kasimama mlangoni akauliza siti ya pili ni shilingi ngapi. Tumemwambia alete gunia kwanza.