Nyumba Haibomolewi Siku Tingatinga Linapofika



Ukipita Mji wa Kale hapa Mombasa wiki hii, hebu weka simu mfukoni na uinue macho kidogo. Utaona roshani ya mbao ya zamani imeegemezwa kwa miti isianguke. Hatua chache mbele kuna ghorofa jipya, madirisha ya vioo, limepanda juu mpaka linakuziba usiuone mnara wa msikiti. Pale palikuwa na nyumba na wewe unaijua. Pengine ulikuwa ukikaa barazani pale ukisubiri adhana ya Magharibi. Ukiulizwa nani aliyeibomoa, utasema dalali, au utasema kaunti, au "matajiri wa nje".

Jibu hilo ni nusu tu. Nyingi ya nyumba hizi zilianza kuanguka sebuleni, kwenye mkutano wa familia ambao haukufanyika.

Unaujua mwendo wenyewe. Babu alifariki, Allah amrehemu. Aliacha watoto saba, na wale saba wana watoto wao. Mmoja yuko Dubai, mmoja Uingereza, mwengine hasemezani na nduguze tangu arusi ya mwaka fulani. Hakuna aliyekwenda kwa Kadhi kugawa mirathi, kwa hivyo hati ingali kwa jina la marehemu. Dari likivuja kila mmoja anasema, "Si yangu peke yangu." Mvua zinakuja na kupita, boriti zinaoza, na siku moja anakuja mtu na pesa taslimu anasema nyumba hii ni hatari, itaua watu. Na kusema haki, kufikia siku hiyo anakuwa amesema kweli.

Mimi sihubiri nikiwa nje. Nyumba ya kwa kina mamangu iko katika hali hii hii. Miaka michache iliyopita tuliona ukuta wa chini unatoka unga. Tukachanga, tukaleta fundi, akapiga plasta ya simiti ukuta mzima. Ukapendeza kweli! Tukapiga picha, tukaweka status. Baada ya misimu miwili ya mvua plasta ikavimba. Ukiigonga unasikia tupu. Tulipoibandua, mawe ya nyuma yalikuwa yanamong'onyoka kama sukari guru.

Kosa halikuwa la fundi peke yake, sisi ndio tuliomwambia atumie simiti. Nyumba za kale za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, na juu zikabebwa na boriti za mikoko. Jiwe la matumbawe linanyonya maji na chumvi kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari. Chokaa ni laini, inayaachia yale maji yatoke. Simiti inayafungia ndani. Basi chumvi inakaa nyuma ya plasta ikila jiwe polepole, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinalowa na kuoza. Ndiyo maana chumba kinaweza kuonekana kizuri leo na kesho dari likashuka. Wazee walikuwa wakipaka chokaa upya kila baada ya muda, na sisi tukadhani ni mapambo ya Idi.

Na usidhani majumba makubwa yako salama. Beit al-Ajaib, Zanzibar, ilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, na imo ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliutambua mwaka 2000. Mwaka 2012 sehemu ya jumba lile ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulikarabati ikiendelea, upande mkubwa wa mbele ukaporomoka na watu wawili wakafariki. Pesa za ukarabati zilikuwa zimepatikana. Zilichelewa tu.

Hapa kwetu tazama Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 ili watutawale kwa mizinga, Waingereza wakaigeuza jela mpaka 1958, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya UNESCO. Ina walinzi, ina tiketi, ina bajeti. Hatuna ugomvi na ngome ile, ni historia yetu pia, damu yetu imo mle. Lakini nyumba za watu walioishi chini ya kuta zake, zile za Ndia Kuu na vichochoro vyake, hazimo katika orodha ile. Ngome ina mwenyewe. Nyumba yenu haina wa kuisemea isipokuwa nyinyi.

Na kusema kunafaa. Lamu wametuonyesha. Mji wao ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2001, lakini cheti hakikuwazuilia bandari ya LAPSSET wala mtambo wa makaa ya mawe. Kilichosaidia ni wavuvi na wanaharakati kwenda mahakamani na karatasi zao mkononi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema haki za wavuvi zilivunjwa, ikaamuru takriban wavuvi 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na ikasema wazi kwamba haki ya watu wa Lamu ya utamaduni wao ilivunjwa pia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, jopo la kitaifa la mazingira likafuta leseni ya ule mtambo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumbuka hapo zilizotetewa hazikuwa kuta peke yake. Ilikuwa bahari, mikoko, njia za madau, na kazi ya mtu na babu yake.

Kwa hivyo ukiona mabati yamezungushwa nyumba ya kale mtaani kwenu, usianze kwa kutukana mtandaoni. Uliza kibali. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ipo tangu 2006, na jengo au eneo lililotangazwa kulindwa halibomolewi kwa matakwa ya mwenyewe tu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua ya ukurasa mmoja: kibali kimetolewa na nani, lini, cha ghorofa ngapi, na Makavazi walisema nini. Peleka, igongewe muhuri, ubaki na nakala. Wakikaa kimya, una haki ya kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Lakini barua haitafaa kitu ikiwa ami yako alishatia saini. Anza nyumbani. Uliza hati iko wapi na ina jina la nani. Uliza kama nyumba iliwekwa waqf, maana zipo zilizowekwa waqf na wajukuu hawajui. Waqf hauuzwi, haurithiwi, wala haitolewi zawadi. Mkazo huu si wetu, ndio msingi wa waqf wenyewe. Kama ni mirathi, nendeni kwa Kadhi mgawane, na dada zenu wapate haki yao kamili. Nimeona mara nyingi nyumba ikiuzwa haraka haraka ili tu dada wasiulize hesabu. Tusiite hiyo "maendeleo".

Kwetu mnunuzi ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Pesa si ndogo, na nina binamu mwenye ada za chuo ambaye siwezi kumwambia akale roshani. Kuna wazo la kukodisha chini na kutengeneza juu kidogo kidogo, kuna wazo la kuuza. Tumekubaliana jambo moja tu: mkutano ni Jumapili baada ya Alasiri, wa Dubai atakuwa kwenye simu, na shangazi amesema mzee fundi wa chokaa aje kwanza agonge kuta zote, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo kutaja bei.